Miwani ya Kinga Inayokuza: Jinsi ya Kuichagua kwa Kazi za Karakana

Fundi anapovuka umri wa miaka 40, mkono wake huwa umekomaa kuliko wakati mwingine wowote, na hapo hapo jicho huanza kumpa taabu. Alama ya penseli juu ya ubao huzidi kufifia. Bisibisi haipati tundu la skrubu kwa jaribio la kwanza. Fundi hurudisha kichwa nyuma, hunyoosha mkono, husogea mlangoni kutafuta mwanga. Baada ya miezi kadhaa hununua miwani ya kusomea mnadani, huivaa, na kazi hurudi kuwa nyepesi. Asichokijua ni kwamba miwani ile ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti, wala haikukusudiwa kuhimili kipande cha chuma kinachoruka.

Mwenzake wa karakana ya pili ana shida iliyo kinyume. Amepewa miwani ya kinga iliyo madhubuti, lakini haikuzi chochote. Kila anapotaka kuuona mstari wa kukata huisukuma juu ya paji la uso, huinama, hukata, kisha huishusha. Jicho lake basi huwa wazi katika dakika ile ile ambayo cheche zinaruka.

Makala haya yanawahusu wote wawili. Tumechukua mfano wa Maretadu, kata ya Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, kwa sababu fundi wa huko hana duka la vifaa vya kinga jirani na karakana yake. Hununua siku ya mnada, au humwagiza msafiri aendaye Babati au Arusha. Kitu kilichonunuliwa kimakosa kwa njia hiyo hakirudishwi kwa urahisi, na mara nyingi huishia msumarini ukutani. Ni heri mtu ajue anachokitafuta kabla fedha haijatoka mfukoni. Sisi hatuuzi miwani wala hatumpigii debe mtengenezaji yeyote.

Jicho la miaka 40

Ndani ya jicho mna lenzi hai ambayo hujibinua ili kuona vitu vya karibu. Kadiri umri unavyosonga, lenzi hiyo hukakamaa. Si ugonjwa, wala haisababishwi na kazi, moshi wa jikoni au kusoma usiku. Humfikia mkulima, hakimu na seremala kwa namna moja. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba zaidi ya watu 6 katika kila 10 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na upungufu huo wa kuona karibu. Hatuoni sababu ya kudhani kwamba Mbulu ni tofauti.

Hasara yake huingia mpaka kwenye kipato. Huko Assam, nchini India, wachuma majani ya chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi waligawanywa makundi mawili, moja likapewa miwani ya karibu na jingine likasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliovaa miwani waliwapita wenzao kwa zaidi ya asilimia 20 katika uzito wa majani waliyochuma kwa siku. Kuchuma chai si kazi ya kusoma. Ni kazi ya mkono na jicho, kama ile ya fundi anayeunganisha plau, anayekaza spoku za baiskeli au anayetafuta waya uliokatika ndani ya pikipiki.

Namba na umbali wa kazi

Wauzaji wengi humpa mnunuzi karatasi yenye maandishi madogo na kumwuliza, "Mzee, unaona?" Akiitikia, biashara imekwisha. Kipimo hicho kinafaa kwa msomaji wa gazeti, ambaye hushika karatasi sentimita 40 hivi kutoka machoni. Seremala husimama mbele ya meza ya kazi, na ubao wake huwa umbali wa sentimita 60 au 70. Fundi wa simu au wa redio, kwa upande wake, huinamia kazi mpaka sentimita 30 au pungufu. Watu hawa wakiwa na umri mmoja bado watahitaji namba tofauti.

Namba iliyoandikwa kwenye miwani inayokuza, kama 1.50 au 2.00, ina maana ambayo kila fundi anaweza kuikokotoa mwenyewe. Gawanya 100 kwa namba hiyo. Jibu ni umbali, kwa sentimita, ambao ukivukwa vitu huanza kuwa ukungu kwa mtu ambaye macho yake huona mbali vizuri bila miwani. Namba 1.00 humfikisha mita moja. Namba 1.50 humfikisha sentimita 67, namba 2.00 sentimita 50, namba 2.50 sentimita 40, na namba 3.00 humfikisha sentimita 33 tu.

Tuseme basi seremala wa miaka 52 amenunua namba 2.00 kwa sababu aliona herufi ndogo kwa raha. Mezani kwake ubao uko sentimita 65. Hauoni sawasawa mpaka ainame, na kuinama huko humpeleka uso karibu na msumeno wa umeme. Mtoto akiingia karakana umbali wa mita tatu, seremala huyo huona kivuli tu. Kumbe namba 1.50, au hata 1.25, ingemwacha asimame wima na bado aione alama ya penseli. Imani iliyoenea kwamba miwani kali zaidi ndiyo bora zaidi ina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa mgongo kwanza, kisha kwa vidole.

Kwa hiyo tunamshauri fundi afanye jambo moja kabla ya kwenda kununua. Akae au asimame kama afanyavyo kazini, ashike kifaa chake, na mwenzake ampimie kwa futi kutoka pembeni ya jicho hadi pale mikono inapofanya kazi. Namba hiyo aiandike. Kama hufanya kazi mbili za umbali tofauti, aandike zote mbili. Dukani achukue futi hiyo hiyo na skrubu ndogo, aishike skrubu kwa umbali aliouandika, kisha ajaribu miwani kuanzia namba ya chini akipanda taratibu. Ile ya kwanza inayoionesha mifuo ya skrubu bila kukaza macho ndiyo yake. Asipande zaidi kwa tamaa ya kuona vitu vikubwa.

Kinachoifanya miwani kuwa kinga

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, kwa kuwa miwani ya kusomea na miwani ya kinga inayokuza zaweza kufanana kwa sura. Tofauti yake haionekani kwa macho mpaka siku ya kupigwa. Kioo cha kawaida hupasuka vipande vyenye ncha. Plastiki ya kawaida ya miwani huhimili zaidi, lakini nayo huvunjika. Lenzi za kinga hutengenezwa mara nyingi kwa polikaboneti, plastiki ambayo hubonyea kabla ya kuvunjika. Hata hivyo lenzi peke yake haitoshi. Ikiwekwa katika fremu dhaifu, pigo likija lenzi nzima huchomoka kwa nyuma na kulipiga jicho lile lile iliyokusudiwa kulilinda. Ndiyo maana mtu anayebadilishiwa lenzi katika fremu yake ya kila siku, akaambiwa kuwa sasa ana miwani ya kinga kwa sababu lenzi ni polikaboneti, amepewa nusu ya kitu.

Ushahidi wa mnunuzi ni alama. Miwani iliyopimwa kwa kiwango cha Marekani hubeba maandishi Z87, na iliyofaulu kipimo cha pigo kali huongezewa alama ya kujumlisha: Z87+. Ile iliyotengenezwa kwa namba ya daktari hubeba Z87-2. Kiwango cha Ulaya ni EN 166, na siku hizi kipo pia kiwango cha kimataifa ISO 16321 kilichokuja kushika nafasi yake. Alama hizo huchongwa au kupigwa chapa juu ya lenzi na juu ya fremu. Kibandiko cha karatasi kinachobanduka si alama, na neno "safety" lililoandikwa kwenye boksi halithibitishi lolote. Miwani isiyo na alama kwenye fremu wala kwenye lenzi tuihesabu kuwa ya kusomea, hata muuzaji aseme nini.

Katika kiwango cha Ulaya, herufi ndogondogo zifuatazo namba zina maana kubwa kwa fundi. Herufi F husema kwamba miwani imehimili kitufe cha chuma chenye kipenyo cha milimita 6 kilichorushwa kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde, yaani kilomita 162 kwa saa. Herufi B ni mita 120 kwa sekunde, na A ni mita 190. Kwa kiwango hicho, miwani ya kawaida yenye mikono ya kushika masikioni haivuki F. B hupatikana katika miwani ya kubana uso kwa mkanda, na A katika ngao ya uso pekee. Herufi ya fremu ikiwa tofauti na ya lenzi, ile iliyo dhaifu ndiyo inayohesabiwa.

Mtu aweza kuuliza kama hayo si mambo ya maabara yasiyomhusu fundi wa kijijini. Tuchukue grenda ndogo ya mkononi, ile ambayo jiwe lake lina kipenyo cha milimita 115 na huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa jiwe hilo husafiri kwa mita 66 hivi kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Jiwe likipasuka, kipande hutoka kwa kasi hiyo, na kasi hiyo inapita kipimo cha F. Hitimisho letu halina shaka: kwa kazi ya grenda, miwani ya kinga inayokuza ni ya ndani, na juu yake lazima pawe na ngao ya uso. Fundi anayechagua kimoja kati ya viwili amechagua vibaya. Na kwa kuwa tumelitaja jiwe, lisomwe pia kabla ya kufungwa: kasi ya juu linayoruhusiwa imeandikwa juu yake, na mara nyingi tarehe ya mwisho wa matumizi nayo imo.

Aina zinazopatikana

Miwani inayokuza kioo kizima ina faida ya uwanja mpana wa kuonea. Inamfaa fundi anayekaa mahali pamoja na kazi yake ipo mbele yake muda wote: fundi saa, fundi wa simu, mshonaji, mnoaji wa misumeno. Haimfai mtu anayetembea karakana nzima, kwa sababu tuliyoieleza ya ukungu wa mbali. Ngazi, mitaro na magari yaendayo kinyumenyume si vitu vya kutazamwa kupitia lenzi ya 2.00.

Kwa mafundi wengi wa karakana ndogo tunapendelea miwani ya kinga yenye kidirisha cha kukuzia sehemu ya chini ya lenzi. Sehemu ya juu ni angavu isiyo na namba, hivyo mtu huona mbali kama kawaida. Akitazama chini mezani, macho hupita kwenye kidirisha. Hupatikana zikiwa tayari, mara nyingi kuanzia namba 1.00 hadi 3.00, na hazihitaji cheti cha daktari. Mazoezi yake huchukua siku chache, na katika siku hizo mvaaji awe mwangalifu anaposhuka ngazi, kwani hatua ya chini huonekana ikiwa imesogea.

Kidirisha hicho lakini kina adui wake, nayo ni kazi ya juu ya kichwa. Fundi aliyelala chini ya trekta, au anayefunga nyaya darini, hutazama juu, na kidirisha chake kiko chini. Hulazimika kukunja shingo nyuma hadi inauma, kisha huvua miwani. Zipo aina zenye vidirisha viwili, cha chini na cha juu, nazo ndizo za kuulizia kwa kazi hizo. Asiyezipata afadhali avae ya kukuza kioo kizima yenye namba ndogo akiwa amelala, na abadilishe anapoinuka.

Mwenye miwani yake ya daktari, na hana uwezo wa kuagiza nyingine kwa sasa, anaweza kuvaa juu yake miwani ya kinga pana iliyotengenezwa kuvaliwa juu ya miwani. Ni njia ya bei nafuu na inalinda vizuri ikiwa imekaa sawasawa. Tatizo lake katika nyanda za Mbulu ni ukungu: asubuhi ya baridi, pumzi hupanda kati ya tabaka mbili za lenzi, na fundi huona maziwa matupu. Achague yenye matundu ya hewa pembeni na lenzi iliyopakwa dawa ya kuzuia ukungu. Zipo pia lenzi laini za kukuza ambazo hubandikwa kwa maji upande wa ndani wa miwani ya kinga. Hazidhoofishi kinga, ila jasho na joto huzibandua. Tunaziona kuwa msaada wa muda.

Kikuza kinachovaliwa kichwani kwa mkanda, ambacho mafundi wa saa na simu hukipenda, ni chombo cha kuonea tu. Hakina alama ya kinga na pembeni kiko wazi. Kikitumika karibu na chuma kinachoruka, miwani ya kinga ivaliwe chini yake.

Kwa mchomeleaji, jambo ni jingine kabisa. Miwani ya jua, hata iwe nyeusi namna gani, haizuii mwanga wa kuchomelea kwa umeme. Kioo cha ngao huhitaji giza la namba 9 hadi 14 kulingana na mkondo wa umeme, na cha gesi hupungua hapo. Asiyeona mstari wa kuchomelea kwa sababu ya umri hahitaji kuinua ngao. Anahitaji lenzi ya kukuza ya mstatili inayochomekwa ndani ya ngao, nyuma ya kioo cheusi. Ngao nyingi zina nafasi yake, na kipimo chake cha kawaida ni sentimita 5 kwa 10.8. Kifaa hiki ni kidogo na hakijulikani sana kwetu, lakini tunakisifu kwa sababu kinaiondoa ile tabia ya kuchungulia. Ndani ya ngao mchomeleaji abaki na miwani ya kinga, maana anapoinua ngao na kugonga magamba ya moto kwa nyundo, hapo ndipo huumia.

Mwenye kazi ya asidi ya betri, chokaa au dawa za kunyunyizia naye ajue kwamba miwani ya mikono, hata yenye kinga za pembeni, hupitisha matone. Anahitaji miwani ya kubana uso pande zote, na ndani yake avae ya namba.

Wakati miwani ya tayari haifai

Miwani ya tayari huwa na namba moja kwa macho yote mawili. Mtu afanye jaribio hili nyumbani: azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, atazame kitu cha mbali, kisha abadilishe jicho. Jicho moja likiwa dhaifu kuliko jingine, au mbali kukiwa na ukungu kwa macho yote mawili, asinunue ya tayari. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanagenzi kijana anayesogeza kazi hadi puani. Huyo tatizo lake si umri, na miwani ya kukuza itamchelewesha kupata tiba. Ukungu unaozidi mwezi hadi mwezi waweza kuwa mtoto wa jicho au presha ya macho, na hii ya pili huharibu uoni kimyakimya.

Kwa mkazi wa Maretadu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ndiyo hospitali kubwa ya upande ule. Aulizie siku za huduma ya macho kabla ya kufunga safari. Kwa matatizo mazito, KCMC mjini Moshi ina idara ya macho inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya kaskazini. Anayepimwa aseme mapema kwamba anataka miwani ya kazi, na atoe ule umbali alioupima kwa futi. Mpimaji asipoambiwa, atapima kwa umbali wa kusomea. Cheti kioneshe namba ya kila jicho na umbali kati ya mboni mbili. Anapoagiza, asisitize fremu yenye alama ya kinga, lenzi za polikaboneti na kinga za pembeni, na asikubali kuchukua mzigo kabla ya kuziona alama hizo mwenyewe.

Yupo mtu mmoja ambaye kwake hatuna masharti mepesi: mwenye jicho moja tu linaloona. Huyo asiingie karakana bila miwani ya kinga, hata kama amekuja kuulizia bei ya kitanda.

Fedha, risiti na haki

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, humtaka mwajiri awapatie wafanyakazi wake vifaa kinga vinavyofaa. Tunalisisitiza neno vinavyofaa. Miwani ya kinga ambayo mfanyakazi wa miaka 50 hawezi kufanyia kazi bila kuivua haimlindi, na mfanyakazi ana haki ya kumwambia mwajiri hivyo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio unaosimamia sheria hiyo. Fundi aliyejiajiri, ambaye ndiye wa kawaida vijijini, hana wa kumdai. Kwake tunapendekeza mafundi watano au sita waagize kwa pamoja, kila mmoja akiwa na namba yake kwenye karatasi, ili nauli ya mjumbe igawanyike.

Mjumbe apewe maelezo yaliyoandikwa, wala asiambiwe kwa mdomo tu. Yatosha kuandika: miwani ya kinga, alama Z87+ au EN 166 F, kidirisha cha kukuzia chini, namba 1.50, kinga za pembeni. Adai risiti iliyotaja bidhaa kwa jina hilo la miwani ya kinga. Risiti iliyoandikwa "miwani" pekee humpa muuzaji mlango wa kutokea. Mwenye shaka kwamba alama ni ya kughushi apeleke bidhaa na risiti kwa Tume ya Ushindani (FCC), ambayo hushughulikia bidhaa bandia, au kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa suala la ubora.

Kuitunza

Polikaboneti ni imara kwa pigo lakini ni laini kwa mchubuko. Vumbi la kiangazi likifutwa kwa pindo la shati huacha mikwaruzo, na mikwaruzo hurudisha ule ukungu uliomfanya mtu anunue miwani. Isuuzwe kwanza kwa maji, ipakwe sabuni kidogo kwa vidole, isuuzwe tena, kisha ikaushwe kwa kitambaa laini safi. Petroli, thina na asetoni visiiguse kamwe: huidhoofisha lenzi, nayo huweza kupasuka kwa pigo dogo. Lenzi iliyokwisha kupigwa kwa nguvu ibadilishwe hata kama haina ufa unaoonekana.

Jicho likiingiwa na kitu

Kemikali ikiingia, maji safi mengi yamwagwe jichoni papo hapo kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa, na ndipo safari ya hospitali ianze. Aliyechungulia mwanga wa kuchomelea huweza kujisikia mzima jioni na kuamshwa usiku na maumivu makali. Naye aende, asitiwe maziwa wala maji ya majani. Kibanzi kilichonasa kisichokonolewe kwa njiti ya kiberiti, ulimi au ncha ya kitambaa.

La kutisha zaidi ni lile lisiloumiza sana. Nyundo inapogonga patasi ya chuma, chembe ndogo yaweza kuruka na kupenya hadi ndani ya jicho, ikaacha tundu lisiloonekana na maumivu ya muda mfupi. Fundi huendelea na kazi. Jicho hilo lisisuguliwe wala kubonyezwa. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha karatasi, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Afikapo amweleze mganga wazi kwamba alikuwa akigonga chuma kwa chuma, kwa sababu maneno hayo ndiyo yatakayomfanya mganga aagize picha ya eksirei badala ya kumpa dawa ya matone na kumrudisha nyumbani.